Msiba wa Mtu Anayeongea

Gari lilisikika kabla halijaonekana. Lilikuwa bado juu kwenye kona za mlima, linashuka taratibu kuja ziwani, na sauti iliyokuwa inatoka kwenye spika zake ilikuwa ya Winnie.

Mektilda alikuwa amepiga magoti mchangani akichambua usipa, dagaa wa ziwa lile. Mvua ya jana yake ilikuwa imeukuta bado mbichi, na sasa ulikuwa umeanza kulainika na kutoa harufu. Wa kuuza aliuweka upande huu, wa kutupa upande ule, na upande ule ndio uliokuwa unazidi kunenepa. Aliposikia ile sauti hakuinua uso. Mikono tu ndiyo iliyosimama.

"Andika, kaka," Winnie alisema kutoka mlimani, kwa sauti kubwa ambayo hakuwahi kuwa nayo alipokuwa hai. "Andika kwamba zahanati yetu ina popo kuliko dawa. Na popo wenyewe wana afya, hawajambo kabisa!"

Halafu kicheko. Kile kicheko chake kilichokuwa kinaanzia puani kabla ya kufika mdomoni. Kikagonga mawe ya mlima, kikarudi, ikawa kama wako Winnie wawili wanachekana.

"Na wewe mwenyewe je?" iliuliza sauti ya mwanamume. "Naona siku zako zimekaribia."

"Mimi? Mimi nikishikwa na uchungu nitakuita wewe, uje na hiyo redio yako unizalishe."

Nyuma ya maneno hayo, kwa mbali, mwanamke alisikika akipiga kelele kwa Kinyasa, anamwita Winnie aje ageuze usipa, ndege wanaumaliza. Na Winnie, kwa vile alikuwa mbele ya mgeni, akamjibu kwa Kiswahili:

"Nakuja, mama."

Kaseti ikakatika. Kikafuata kimya, kimya cha kupimwa, kisha ile sauti ya mwanamume ikarudi, sasa iko chini, iko karibu, kama mtu anayekuongelea sikioni.

"Ndugu wananchi. Dada huyu hakuumaliza mwezi ule."

Wanawake wengine waliokuwa ufukweni wakamtazama Mektilda, kisha wakayatazama masinia yao. Maana yule aliyekuwa anapiga kelele kwa Kinyasa ndani ya kaseti alikuwa yeye.

Winnie alikuwa na mwaka mzima kaburini. Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo iliyokuwa imewekwa kumnyoa mama yake. Kwao Likwemba msiba haumalizwi kwa kuzika. Unamalizwa siku ukoo unapokaa pamoja, pombe ikanywewa, mama wa marehemu akanyolewa nywele na kuvuliwa kitambaa cheusi. Kuanzia hapo ndipo anapoweza kucheka mbele za watu, akaenda arusini, akarudi kwenye ngoma. Mkwe naye ndipo anapoachiliwa aoe. Na Mektilda alikuwa mtu wa ngoma. Yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo za kioda, ngoma ya akina mama, wenzake wanaitikia, na tangu kile kifo hakuwa ameanzisha hata wimbo wa kubembelezea mtoto.

Kimea cha pombe kilikuwa kimekwisha kuanikwa. Jioni ile wifi yake, Margareta, dada wa marehemu mumewe, alikuja akakisukuma kwa mguu kama mtu anayesukuma kitu cha jirani.

"Kianue," alisema. "Hakuna kunyoa."

"Kwa nini, wifi?"

"Umesikia mwenyewe, au leo ulikuwa na masikio ya kuazima? Mtu amekuja na gari anazungumza na kijiji kizima, anacheka, na wewe unamwita anakuitika. Sisi tunafungaje msiba wa mtu ambaye bado anaongea?"

"Ni kaseti ile, wifi."

"Najua ni kaseti. Mimi sikulala darasani." Margareta akakaa chini, akashusha pumzi. "Nenda kamwambie huyo Hyasinti na kampeni zake akupe mtoto wako. Akishanyamaza, tutakunyoa."

*

Hyasinti hakuwa mtu wa kuja. Alizaliwa hapo hapo Likwemba, mtoto wa katekista, akasomeshwa na mapadri Kigonsera, akaenda Dar es Salaam kuandika magazetini na kutuma habari redioni. Alikuwa mtu asiyetulia. Akiketi, mguu wake wa kulia unatikisika tangu goti mpaka kidole, mpaka benchi zima linatikisika na aliyekaa naye anahama. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kinautuliza mguu ule: akishabonyeza kile kimashine chake cha kunasia sauti, vigurudumu vikaanza kuzunguka, mguu unasimama kabisa, na macho yake yanakuwa kama ya mvuvi aliyehisi uzi umevutwa.

Mwaka ule alikuja kuandika habari za zahanati za mwambao. Akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, Winnie akasimama mbele yake na tumbo lake kubwa, mkono kiunoni, anajibu maswali kwa utani. Watu wengine walikuwa wanakiogopa kimashine. Winnie hakukiogopa.

Siku uchungu ulipomshika, upepo wa mwera ulikuwa unavuma na zahanati ina kufuli. Mhudumu alikuwa amepanda Mbinga kufuata mshahara ambao haukuwa unakuja. Mumewe, Cleopa, na wanaume wengine wakampakia kwenye mtumbwi kumpeleka hospitali ya misheni, wakapambana na mawimbi tangu asubuhi. Walipoizunguka rasi wakaliona bati la hospitali linang'aa. Cleopa alimwambia, "Tumefika, vumilia, tumefika." Mektilda alikuwa amempakata kichwa. Yeye alikuwa ameshajua kwamba hakuna tena wa kuambiwa.

Hyasinti alirudi msibani. Hilo hakuna anayeweza kumnyima. Alikaa na wanaume kwenye moto, akashika jembe, akatupa udongo, na alilia machozi ya kweli, kamasi zikashuka akazifuta kwa shati. Aliporudi mjini akaipeleka ile sauti redioni. Nchi nzima ikamsikia Winnie anacheka. Kabla mwezi haujaisha lilikuja boksi la dawa na nesi, tena nesi mwenye sanduku la nguo, si wa kuja na kurudi.

Kisha gazeti likampunguza Hyasinti. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinapunguzwa: wafanyakazi, vitanda, chaki. Wengine walisema ni kwa ajili ya ile habari, wengine walisema zamu yake tu. Alirudi Likwemba na godoro, redio na kile kimashine. Vijana wakamcheka, "Mwandishi amekuja kuvua." Hakuvua. Alitembea ufukweni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka mchanga ukafanya njia. Siku moja akasimama mbele ya Mektilda.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Sikai. Mama, mimi nimeandika miaka yote hii. Nimekuwa kama mtu anayegonga mlango anapiga kelele, waliomo ndani wanasema, nani huyo, mpeni maji anyamaze. Safari hii nataka kuingia ndani."

"Ukishaingia?"

"Nitafungua."

Mektilda alimwamini. Kwa nini asimwamini? Alikuwa amemwona analia.

*

Basi uchaguzi wa madiwani ulipopita na Hyasinti akashinda, Mektilda akapanda lori la usipa kwenda Mbinga kumfuata. Alikaa juu ya magunia, akashika kamba, njia ikapanda na kupanda mpaka masikio yakaziba na baridi ya milimani ikaingia chini ya kanga. Mashamba ya Wamatengo yalikuwa yameshuka miteremkoni, mashimo kwa mashimo, kama nyavu zilizoanikwa juu ya mlima.

Mji ulikuwa umebadilika. Pale alipokuwa anapaona pa ushirika wa kahawa, sasa palikuwa na vibao vipya vya makampuni, kila kampuni na rangi yake, na vijana wenye saa wanakimbia na mizani. Akauliza njia, akafika kwenye ofisi za halmashauri. Katibu muhtasi, msichana mwenye kucha nyekundu, akanyanyuka kufungua dirisha kabla hajamjibu salamu.

"Una ahadi naye, mama?"

"Ahadi anayo yeye. Mimi nimekuja kuifuata."

"Yuko kikaoni."

Akaketi kwenye benchi. Watu wakaingia na kutoka. Wenye viatu waliitwa. Alipotoka Hyasinti, alikuwa katikati ya wanaume wawili wa kahawa wanaoongea wote pamoja, naye anatikisa kichwa kwa huyu na kwa yule. Akamwona Mektilda. Uso wake ukafurahi, kweli ukafurahi.

"Mama yangu! Shikamoo! Jamani, huyu ndiye mama wa Winnie."

Wanaume wale wakamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, mama. Ile kaseti! Mimi nililia, mbele ya mke wangu." Kisha wakanusa vidole vyao kwa siri.

Alimpeleka hotelini, akamwagizia chai na chapati. Mguu ulikuwa unatikisika chini ya meza, chai inafanya duara kikombeni.

"Nimekuja kumchukua mtoto wangu," Mektilda alisema.

"Mtoto gani, mama?"

"Kwenye kaseti. Nyumbani wamekataa kuninyoa. Wanasema bado anaongea. Kura umeshapata, mwanangu. Sasa nirudishie."

Hyasinti akakuna kichwa. Akaangalia mlango. Akaangalia tena chapati.

"Mama, sikiliza. Ile si kaseti tu. Ile ndiyo zahanati yenyewe. Nesi unayemwona pale, aliyemleta ni nani? Ni mimi? Mimi ni nani bwana! Aliyemleta ni Winnie. Kikao cha juzi walitaka kumhamisha, nikawawekea kaseti pale pale mezani. Wakanyamaza. Umeona? Sasa nikikupa leo, kesho wakimhamisha, nitawasikilizisha nini? Hotuba yangu?"

"Hata kwa wiki moja tu. Waninyoe, halafu uichukue."

"Halafu nikishaicheza tena? Si watasema msiba umefunguliwa upya?"

Mektilda akalipima neno lile. Ilikuwa kweli.

"Wapo akina Winnie wengine mwambao mzima," Hyasinti alisema taratibu, na sasa ilikuwa ile sauti ya chini, ya sikioni, aliyokuwa anaitumia baada ya kaseti kukatika. "Wana mimba leo, mama, wakati sisi tunakunywa chai. Unataka na wenyewe wafe?"

Mektilda akairudisha chapati kwenye sahani.

"Hapana, mwanangu. Nisamehe."

"Usijali, mama. Najua ni uchungu." Akasimama, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama mmoja wa wale wa kahawa, anaangalia saa. "Nitakuletea mwenyewe. Kwa mkono wangu. Kazi ikiisha tu."

Alilipia chai. Alimtafutia na lori la kurudi, akamweka mbele kwa dereva, akaufunga mlango mwenyewe. Njia nzima Mektilda alikuwa anajiuliza ni kitu gani amekiombea msamaha.

*

Kazi haikuisha. Udiwani ulikuwa bado haujamzoea, akataka ubunge. Alipita kwenye gari la kampuni ya kahawa lenye kibao kilichofunikwa kwa bendera ya Chama, akapanda Mkumbi, akashuka mwambao, akapanda tena. Mama mmoja wa Mkumbi aliyeshuka kununua usipa alimwambia Mektilda kwamba kule kwao watu hawakielewi Kinyasa, lakini ikifika pale Mektilda anapoita, wanawake wote wanashika vifua.

"Tunajua ni mama anamwita mtoto," alisema. "Hiyo haihitaji mkalimani." Akampa maharage kwenye kitambaa, zawadi. Mektilda akapokea, maana hakujua anavyoweza kukataa maharage ya pole.

Hyasinti akawa mbunge. Siku za shangwe zile zahanati ilipakwa chokaa na kuezekwa bati jipya, na popo wakahamia kanisani. Kisha nesi akahamishwa. Safari hii hakukuwa na mtu kwenye kikao wa kuwasha kaseti. Aliyekuwa nayo alikuwa Dodoma, na kule, watu walisema, kuna viti vya kuzunguka. Akaja mhudumu mwingine, akakaa kidogo, akapanda mlima kufuata mshahara, na kufuli likarudi mahali pake. Lilikuwa kufuli jipya. Hilo lilibadilika.

Ukoo ulijaribu tena kumnyoa Mektilda. Pombe ikapikwa, mjomba akaja kutoka ng'ambo ya rasi. Siku tatu kabla, gari la vijana wa Chama likapita kuhimiza michango ya shule, na kwa vile hawakuwa na kitu kingine cha kuita watu, wakaweka kaseti waliyoazimwa na mbunge. "Nakuja, mama." Mjomba akavaa viatu vyake akarudi kwao.

Cleopa alingoja, halafu akachoka. Alikuja akapiga magoti mbali, kama mkwe anavyotakiwa, bila kumtazama usoni.

"Mama, mimi nimepata mwenzangu."

"Hujaachiliwa, baba."

"Najua. Lakini nitaachiliwa na nani? Nimemngoja anyamaze. Jana nilikuwa Mbamba Bay sokoni, nikamsikia anacheka kwenye spika, na mimi nimebeba kikapu cha yule mwenzangu. Mama, nilikitupa kikapu nikakimbia. Watu wamenicheka." Akachora mchangani kwa kidole. "Naogopa nitakuja kumchukia."

Akaoa bila kuachiliwa. Ukoo ukamtoza mbuzi na maneno makali. Mektilda alibaki na binti yake mdogo, Avelina, aliyekuwa mtoto wa shule dada yake alipokufa, na sasa alikuwa anaota kifua na kuota kile kicheko, kinachoanzia puani.

Hata vijana wa kijiji walikuwa wameshaikariri kaseti. Mmoja akimwita mwenzake kilabuni, yule anaitika kwa sauti nyembamba, "Nakuja, mama!" na wote wanacheka. Walikuwa wadogo. Hawakuwa wanamcheka mtu. Lilikuwa neno tu, kama neno lolote la redioni.

*

Uchaguzi mwingine ukafika. Safari hii gari lilipoanza kushuka zile kona, kilichosikika hakikueleweka mara moja. Sauti ilikuwa imezama, kama mtu anayeongea amefunikwa mtungi. Winnie alikuwa anasema "popo" kwa sauti ya kiume, anajivuta, kisha anakimbia ghafla kama mtoto. Kicheko kilikuwa kimebaki mkwaruzo. Watoto kando ya njia walikuwa wanayasema maneno kabla yeye hajayasema.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Kioda wakacheza, wamevaa sare mpya nyeupe walizoletewa, na aliyeanzisha nyimbo alikuwa mwingine. Mektilda alikaa pembeni na kitambaa chake cheusi ambacho jua lilikuwa limekigeuza kijivu. Hyasinti akapanda jukwaani. Alisema barabara. Alisema soko huria. Alisema mwekezaji. Mguu wake ulikuwa unatikisika, mbao za jukwaa zinagongana. Kaseti ilipowekwa, watu walipiga gumzo juu yake. Mama mmoja aliendelea kuuza karanga.

Hyasinti aliona. Mtu aliyekuwa mwandishi anaona. Mguu ukatikisika zaidi.

Akamnong'oneza dereva, dereva akakimbilia garini, akarudi na kitu kimefungwa kwenye karatasi ya zawadi, yenye maua.

"Ndugu wananchi! Yuko mama mmoja hapa. Mama yangu. Aliniazima kitu kikubwa kuliko kura. Nilimwahidi nitamrudishia kwa mkono wangu. Na mimi nikiahidi?"

"Unatimiza!" wakaitika vijana wenye fulana.

Mektilda akaitwa. Akapanda, akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama desturi. Watu wakapiga makofi. Mwandishi wa gazeti moja jipya, kijana anayeitwa Rodrick, akampiga picha, kisha akamwomba apokee tena, macho yaangalie huku. Akapokea tena.

"Umefurahi, mama?" Hyasinti aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Nimefurahi, mwanangu," alisema. Na lilikuwa kweli.

Margareta alimdaka chini ya jukwaa. Alikuwa analia na kutukana kwa pamoja. "Lete nimwone! Huyu mjinga wako, ametutesa miaka yote hii. Tunamzika Jumamosi, tunamlaza pale pale kaburini kwake na karatasi yake ya maua. Na wewe wembe nitaushika mimi. Nitakunyoa mpaka sungura akuonee huruma."

Mektilda akacheka. Akajishika mdomo, akaangalia kama kuna aliyemwona, kisha akacheka tena.

"Kioda watakukoma," Margareta alisema. "Yule mwimbishaji wao anaimba kama mlango."

Mektilda aliifunga kaseti kwenye pindo la kanga, akapiga fundo, akashuka ufukweni peke yake. Alikuwa ameacha usipa juani na mchana ulikuwa umesonga. Ziwa lilikuwa tulivu. Aliugeuza huku anajaribu wimbo, si kwa sauti, kwa pumzi tu, anautafuta ule mwanzo wa zamani ulivyokuwa unapanda. Akaukuta. Ulikuwa bado upo.

Kisha akasikia kicheko.

Kilianzia puani. Hakikutoka kwenye spika. Kilikuwa safi, kibichi, hakina mkwaruzo.

Akainuka. Kwenye ngazi za zahanati, hatua chache tu juu ya mchanga, chini ya lile bati na mbele ya lile kufuli, alikuwa amesimama Avelina, sasa mwanamke mzima, mkono kiunoni, tumbo mbele, tumbo la miezi ya mwisho. Rodrick alikuwa pembeni na kamera yake. Na mbele ya Avelina, amechutama vumbini na suruali yake nzuri, alikuwa Mheshimiwa Hyasinti. Alikuwa ameshika kimashine kipya, kidogo, kinachong'aa. Alikuwa amekinyoosha kwa mkono mmoja, kwa ustadi ule ule.

"Ongea tu, mdogo wangu," alikuwa anasema. "Kama unavyoongea nyumbani. Usiniogope."

"Nikuogope kwa nini? Wewe si shemeji yangu wa redioni?" Avelina akacheka tena. "Haya, niseme nini? Kwamba popo wamerudi?"

Mektilda akautazama mguu wa Hyasinti. Ulikuwa umetulia kabisa.

Kunguru wa kwanza akatua kwenye usipa. Wa pili akatua. Mektilda akavuta pumzi, mdomo ukafunguka wenyewe, na jina lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi, kwa Kinyasa, kwa kelele ile ile ya kumwita mtoto aje ageuze usipa, ndege wanaumaliza.

Akaona vigurudumu vinazunguka.

Alikamata pindo la kanga akalijaza mdomoni, akauma. Plastiki ya kaseti ikalia kati ya meno. Kunguru walikuwa wengi sasa, wanang'ang'ania, wanatupiana, hawamwogopi. Naye alisimama katikati yao, machozi yanamshuka, amenyamaza kwa nguvu zake zote.

Pale kwenye ngazi Avelina aligeuza shingo kuangalia ufukweni, kama mtu aliyezoea kwamba saa kama hii huwa anaitwa. Hyasinti akakisogeza kimashine karibu zaidi, akangoja.